Karabini na bunduki ndefu: gharama ya sentimita 16

"Karabini ni bunduki fupi." Jibu hilo utapewa popote utakapouliza, na si uongo, ila halikufikishi mbali. Fupi kuliko ipi? Chukua SKS, ile ambayo taarifa za polisi wa Tanzania mara nyingi huiita SAR. Warusi walioibuni waliiita karabini kwenye jina lake rasmi, na mtutu wake una sm 52. M16A2 ya Marekani, ambayo hakuna anayeiita karabini, ina mtutu wa sm 50.8. G3, bunduki iliyozoeleka mabegani mwa askari wa wanyamapori wa Kenya, ina mtutu wa sm 45 tu, nayo huhesabiwa bunduki kamili ya vita. Kar98k ya Wajerumani ni karabini kwa jina, na mtutu wake ni sm 60. Zipange hizo nne mezani, uzipime kwa rula: karabini mbili ndizo zenye mitutu mirefu kuliko wenzake.

Kwa hiyo rula peke yake itakupoteza. Karabini haina kipimo chake yenyewe. Ina ndugu mkubwa. Ni bunduki iliyofupishwa kutokana na bunduki fulani, ya jeshi fulani, wakati fulani, kwa ajili ya watu fulani. Kar98k ni karabini kwa sababu ndugu yake, Gewehr 98 ya mwaka 1898, alikuwa na mtutu wa sm 74 na urefu wa jumla wa sm 125. Ukikutana na bunduki yoyote inayoitwa karabini, uliza imetokana na ipi, imepunguzwa nini, na upungufu huo umelipwa wapi. Swali la tatu ndilo lenye nyama.

Majina nayo yasikubabaishe. Wajerumani walikuwa na Karabiner 98b, ya mwaka 1923, yenye mtutu uleule wa sm 74 wa bunduki ndefu. Maelezo ya kawaida ni kwamba Mkataba wa Versailles ulikuwa umewabana katika silaha, na neno "karabini" lilipita kwa upole zaidi kwenye karatasi. Waingereza walifanya kinyume chake: Lee-Enfield yao ya 1903 na kuendelea waliifupisha wazi, lakini hawakuiita karabini. Waliiita "bunduki fupi", na walikuwa na sababu.

Kwanza tuone ndefu ilikuwa ndefu kwa nini. Askari wa miguu wa karne ya 19 alipiga risasi akiwa kwenye safu mbili. Mdomo wa bunduki ya aliye nyuma ulitakiwa upite mbele ya uso wa mwenzake, la sivyo mwako na moshi vilimwishia yeye shavuni. Halafu kulikuwa na singe: bunduki yenye singe ndiyo iliyokuwa mkuki wa kumzuia farasi, na mkuki mfupi hauna maana. Ongeza kwamba mtutu mrefu uliipa risasi mwendo zaidi na kuviachanisha zaidi vilengeo vyake viwili, cha mbele na cha nyuma. Lee-Enfield ya 1895, ile ya awali, ilikuwa na urefu wa sm 126. Mtu wa kimo cha wastani akiisimamisha chini, mdomo wake unamfika kifuani.

Sasa mpe mpanda farasi kitu hicho. Hawezi kukibeba mgongoni bila kitu hicho kumgonga yeye mwenyewe kichwani farasi anapokwenda mbio, na hawezi kukigeuza upande wa pili wa shingo ya mnyama. Ndiyo maana karabini ya wapanda farasi ya Lee-Enfield, ya 1896, ilikuwa na mtutu wa karibu sm 53, magazini ya risasi 6 badala ya 10 ili isitokeze chini, kirungu cha mpini wa boliti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu) kilichobapwa ili kisikwame, na masikio mawili ya chuma ya kukinga kilengeo cha mbele kisipate kugongwa bunduki inapochomekwa kwenye ala ya ngozi. Haikuwa na mahali pa kufunga singe. Wapiga mizinga na wahandisi nao walipewa karabini zao, kwa sababu mikono yao ina kazi nyingine.

Kabla yake, Martini-Henry ilikuwa imeshaonyesha tatizo moja ambalo halijaisha mpaka leo. Risasi ya bunduki ndefu ya Martini ilikuwa na baruti nyeusi gramu 5.5 na kipande cha risasi, kile kinachoruka, cha gramu 31. Karabini ilitengenezewa risasi yake, yenye baruti gramu 4.5 na kipande cha gramu 26.6, maana bunduki nyepesi yenye risasi kamili ilimuumiza mpigaji. Zote mbili ziliingia kwenye chemba, yaani chumba cha risasi mwanzoni mwa mtutu. Mtu akichanganya mikebe, karabini ilifyatua tu, na bega likajua.

Baruti nyeusi ilikuwa na aibu yake nyingine: moshi. Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na bunduki za mfumo wa 1871 za baruti nyeusi, na kila mlio ulipandisha wingu jeupe lililomwonyesha adui mpigaji yuko wapi. Baruti isiyo na moshi ilimaliza hilo. Ila kwenye mtutu mfupi ikaleta la kwake, yaani mwako, nami nitalifikia.

Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 viliwashawishi Waingereza kwamba kutengeneza ndefu kwa wa miguu na fupi kwa wa farasi ni kupoteza fedha. Wakachagua kati: mtutu wa sm 64, urefu wa jumla sm 113, kwa kila askari. Wamarekani walifika palepale mwaka 1903 kwa Springfield yao yenye mtutu wa sm 61. Wakosoaji walilalamika kwamba bunduki hiyo ni fupi mno kwa wa miguu na ndefu mno kwa wa farasi. Waingereza waliogopa pia kupoteza urefu wa mkuki, wakarefusha singe: ile ya 1907 ina ubapa wa sm 43. Ukiona singe ile ndefu kama panga kwenye picha za Vita vya Kwanza, jua ni deni la mtutu uliofupishwa, limelipwa kwa chuma cha upande mwingine.

Wajerumani nao walijikwaa. Karabini yao ya kwanza ya mfumo wa 98 ilikuwa na mtutu wa sm 43.5. Ilipokuja risasi mpya yenye ncha kali na baruti yenye nguvu zaidi, bunduki ile ilitoa moto mdomoni na kupiga teke kupita kiasi. Mwaka 1908 wakapandisha mtutu hadi sm 59. Huo ni mfano mzuri wa kanuni ya kazi hii: urefu wa mtutu na risasi ni mke na mume. Ukibadilisha mmoja bila kumwangalia mwingine, nyumba haikaliki.

No. 4 na No. 5

Kwa anayetaka kuelewa kwa vitendo, sijui jozi nzuri ya kusomea kuliko Lee-Enfield No. 4 na No. 5, ambayo wakusanyaji huiita karabini ya msituni. Zinatumia risasi ileile ya .303, magazini ileile ya risasi 10, boliti ya namna ileile, na kilengeo cha nyuma kiko mahali palepale. Kilichobadilika kinaonekana wazi, na kila badiliko lina matokeo yake.

No. 5 ilianza kutengenezwa 1944, wakati Waingereza wakipigana Burma, kwenye vita vilevile ambavyo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) ndani yake, ilikuwa ikishuka bonde la Kabaw. Katika msitu ule adui alionekana kwa mita 50, pengine 20. Bunduki ya sm 113 ilinasa kwenye mianzi. No. 4 ina kilo 4.1 hivi; No. 5 ina kilo 3.2. Mtutu ulishuka kutoka sm 64 hadi sm 48, yaani sm 16 zilikatwa. Lakini urefu wa jumla ulishuka sm 12.7 tu, kutoka sm 113 hadi sm 100.3, kwa kuwa mdomoni iliongezwa koni ya kufifisha mwako na kitakoni kipande cha raba. Sehemu ya ulichokiokoa ulikirudisha mlangoni.

Kilo 0.9 hazikutoka kwenye mtutu peke yake. Mbao za mbele zilifupishwa. Bodi ya chuma inayobeba boliti ilichongwa ndani na nje. Mtutu wenyewe ulichongwa pale unaponenepa, mbele ya chemba. Hata kirungu cha mpini wa boliti kilitobolewa kiwe na shimo. Mtu anayetoboa kirungu kupunguza gramu chache amekusudia hasa.

Sasa malipo.

La kwanza ni mwendo wa risasi. Risasi ya .303 ya Mark VII ina kipande cha gramu 11.3, na kwenye mtutu wa sm 64 hutoka kwa takriban mita 744 kwa sekunde. Kwa risasi za namna hii, kila inchi ya mtutu, yaani sm 2.5, ikiondoka huchukua karibu mita 6 hadi 9 kwa sekunde. Kwenye No. 5 utakuwa kwenye mita 700 hivi. Watu hulikuza sana jambo hili. Kwa shabaha ya mita 100 au 200 upungufu huo mpigaji haoni chochote. Unaanza kuonekana pale unapotaka kupiga mbali, ambapo risasi inashuka zaidi na upepo unapata muda mrefu zaidi wa kuisukuma. Wabunifu walilijua hilo: kilengeo cha nyuma cha No. 5 kimewekewa alama hadi yadi 800, wakati cha No. 4 kinafika 1,300. Wameandika kwenye chuma chenyewe kwamba bunduki hii haikukusudiwa masafa yale.

La pili ni teke, na hapa akili ya kawaida hudanganya. Risasi inatoka polepole kidogo, basi teke si lipungue? Hapana. Bunduki inarudi nyuma kwa msukumo uleule wa risasi na gesi zinazotoka mbele, ukigawanywa kwa uzito wa bunduki. Piga hesabu: risasi na gesi za No. 4 zinatoa msukumo wa karibu 11.4 (kilo mara mita kwa sekunde). Gawa kwa 4.1, bunduki inarudi kwa mita 2.8 kwa sekunde. Kwenye No. 5 msukumo ni 10.9 hivi, gawa kwa 3.2, inarudi kwa mita 3.4. Nishati ya teke inapanda kutoka joule 16 hadi karibu 18.6. Ongezeko la karibu moja ya sita, na bega linapokea yote.

Ile raba ya kitakoni haikusaidia kama ilivyotarajiwa. Ni nyembamba kuliko kitako chenyewe, hivyo teke linakusanyika kwenye eneo dogo. Halafu raba huzeeka. Ya miaka zaidi ya 70 imekuwa ngumu kama ubao. Ukiibonyeza kwa kucha haiachi alama. Mpigaji anaegemeza bega kwenye kitu kinachofanana na kisigino cha kiatu, na baada ya risasi kumi anaanza kuishtukia triga. Kushtukia triga kunaharibu shabaha kuliko mita 44 za mwendo zilizopotea.

La tatu ni mwako na mlio. Baruti ya .303 ilipangwa iungue kwenye mtutu wa sm 64 au zaidi. Risasi ikitoka mapema, gesi nyuma yake bado zina shinikizo kubwa na joto, nazo zina vitu ambavyo havijaungua. Zikikutana na hewa nje zinawaka. Usiku huo ni mpira wa moto unaomnyang'anya mpigaji macho yake mwenyewe. Koni ya No. 5 iliwekwa hasa kwa ajili ya macho hayo. Haimfichi mpigaji kwa aliye mbele yake, jambo ambalo wengi wanalikosea. Na mlio haiupunguzi hata kidogo. Karabini ya Mosin-Nagant, M44 ya Warusi, ina mtutu wa sm 51 hivi kwa risasi iliyopangiwa sm 73 hadi 80, na haina koni. Aliyewahi kusimama ubavuni mwake hahitaji kuelezwa.

Koni ilizaa tatizo dogo la singe. Singe ya sindano ya No. 4 haikuweza kufungwa tena, ikabidi itengenezwe mpya, ya kisu cha sm 20, yenye pete kubwa ya kupita juu ya koni.

La nne ni umbali kati ya vilengeo viwili. Chukua bunduki mbili, moja yenye vilengeo vilivyoachana sm 70 na nyingine sm 55. Mpigaji akikosea kulenga kwa milimita 1 kwenye kilengeo cha mbele, shabaha ya mita 100 ataikosa kwa sm 14.3 na ya kwanza, na sm 18.2 na ya pili. Mtutu mfupi wenyewe si mtovu wa usahihi. Mara nyingi ni mgumu zaidi na hutikisika kidogo kuliko mrefu. Anayekosea zaidi ni jicho. Ukifunga darubini juu yake, hoja hii inafutika kabisa. Ndiyo maana wanaosema "karabini haina shabaha" wanapaswa kuulizwa kwanza: kwa vilengeo gani?

Shabaha inayohama

No. 5 ina sifa mbaya moja iliyomshinda kila mtu, na hii haitokani na ufupi bali na wepesi. Unaiweka shabaha leo, inapiga katikati. Kesho, hujagusa kitu, kundi zima la risasi limehamia pembeni. Si kutawanyika, kundi ni lilelile, limehama tu. Waingereza walijaribu kulitibu, na mwaka 1947 wakahitimisha kwamba kasoro iko kwenye ubunifu wenyewe. Utengenezaji ukakoma mwaka huohuo. Wapo wanaoamini kwamba sababu halisi ilikuwa hamu ya jeshi kuhamia bunduki inayojipakia yenyewe, na kasoro ikawa kisingizio; hoja yao si ya kupuuza, kwa kuwa No. 5 nyingi zilizopo leo zinapiga vizuri tu, na bunduki hiyo iliendelea kutumika Malaya miaka ya 1950, katika vita ambavyo KAR nayo ilipeleka vikosi.

Wengi wanaielekezea kidole bodi iliyochongwa. Boliti ya Lee-Enfield hujifunga kwa nyuma, karibu na mpini, si mbele karibu na chemba kama Mauser, yaani zile za mfumo wa 98 za Wajerumani. Risasi inapofyatuka, sehemu yote ya bodi iliyo kati ya chemba na hiyo kufuli inavutwa. Kwenye No. 4 kuna chuma cha kutosha kuhimili mvuto huo sawasawa. Kwenye No. 5 chuma hicho kimepunguzwa. Mauser ilifupishwa mara nyingi bila ugonjwa huu kwa kuwa bodi yake haibebi mzigo wa namna hiyo.

Lakini kabla hujailaumu bodi, angalia mambo matatu, maana mengi yanayoitwa shabaha kuhama ni uvivu wa matunzo. Skrubu kubwa ya chini, mbele ya magazini, inayobana mbao kwenye bodi: ikilegea hata robo mzunguko, kundi linahama. Kisha mbao za mbele: zikivimba kwa unyevu au zikikauka, zinaubana mtutu mahali pasipotakiwa. Mwisho kichwa cha boliti, ambacho kwenye No. 4 na No. 5 hutoka kwa saizi zenye namba 0 hadi 3. Kisipolingana na bunduki, nafasi ya ganda la risasi ndani ya chemba inakuwa kubwa na maganda yanatoka yakiwa yamevutika au yamechanika karibu na kitako chake. Hilo la mwisho ni la usalama. Bunduki yenye maganda ya namna hiyo haipigwi tena mpaka fundi mwenye vipimo aipime.

Karabini isiyo na ndugu

Sasa kuna M1 Carbine ya Marekani, inayoharibu kanuni yote niliyoeleza. Jina lake na la M1 Garand yanafanana, zote ni za Vita vya Pili, na watu hudhani moja ni Garand iliyokatwa. Hazishirikiani risasi wala magazini. Garand ina kilo 4.3, mtutu wa sm 61, risasi 8 za .30-06. M1 Carbine, iliyokubaliwa Oktoba 1941, ina kilo 2.4, mtutu wa sm 46, magazini ya risasi 15 ndogo za aina yake yenyewe. Kipande cha risasi yake kina gramu 7.1 na hutoka kwa mita 607 kwa sekunde, sawa na joule 1,300 hivi. Ya Garand ina zaidi ya joule 3,500.

Wamarekani hawakutaka kumpunguzia askari wa mbele bunduki. Walitaka kumwondolea bastola dereva, mpiga simu, mbeba kombora na ofisa, yaani watu ambao bastola hawaiwezi na Garand inawazuia kazi. Ndiyo maana walianzia kwenye risasi, wakajenga bunduki kuizunguka, na matokeo yake hayana teke la kutisha wala mpira wa moto. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 6. Kwa maoni yangu huo ndio ubunifu wa akili zaidi wa karabini uliopata kufanyika, na lawama zinazomiminiwa kwamba "haina nguvu" zinatoka kwa waliopewa kama bunduki ya mbele, kazi ambayo haikutengenezewa.

Njia ya leo imerudi kwenye kukata. M4 ya 1994 ni M16A2 iliyopunguzwa mtutu kutoka sm 50.8 hadi sm 36.8, na kitako kinachoingia na kutoka: sm 84 kikivutwa nje, sm 76 kikiingizwa. Risasi ya gramu 4 inashuka kutoka mita 950 hivi kwa sekunde hadi karibu 900. Kwa risasi nyepesi ya namna hii mwendo una uzito zaidi kuliko kwenye .303, maana uharibifu wake unategemea kasi.

Ila ugonjwa wa kipekee wa M4 uko kwenye gesi. Bunduki hii hujipakia kwa gesi inayochotwa kupitia tundu kwenye mtutu. Kwenye M16 tundu liko karibu sm 33 kutoka mwanzo wa mtutu. Kwenye M4 liko karibu sm 20. Karibu na chemba shinikizo ni kubwa zaidi. Boliti inasukumwa mapema na kwa nguvu zaidi, wakati ganda bado limejibana kwenye kuta za chemba. Kinachofuata mafundi wanakifahamu: ndoano ya kuvutia ganda inateleza juu ya ukingo wake, au inavunjika, meno ya boliti yanapata nyufa, ganda linabaki ndani na risasi mpya inakuja kuligonga. Ndiyo maana M4 ilipewa springi ngumu zaidi ya ndoano na, ndani ya kitako, uzito wa kuchelewesha boliti ulio mkubwa kuliko wa karabini za awali. Mtu anayeifungia springi ya ndoano ya M16 kwa sababu "inaingia" anajitafutia mikwamo.

Kupima, na kuitambua No. 5 ya kweli

Urefu wa mtutu hupimwa kuanzia uso wa boliti iliyofungwa hadi mdomo wa mtutu, bila kuhesabu koni inayofunguka. Toa magazini, vuta boliti, tazama chemba kwa macho na ukaguse kwa kidole, halafu ndipo uifunge. Ingiza ufito wa kusafishia kutokea mdomoni mpaka uguse uso wa boliti, weka alama usawa wa mdomo, utoe, upime. Kosa la kawaida ni kupima kuanzia pale mtutu unapoonekana ukitokeza kwenye bodi. Hapo umeacha chemba yote nje ya hesabu.

Kwenye minada ya Marekani na Ulaya No. 5 ni mojawapo ya bunduki za kale zinazoghushiwa zaidi, kwa kuwa baada ya vita kampuni za huko zilikata No. 4 za ziada, zikazifunga koni na kuziuza kwa jina la karabini ya msituni. Ya kweli imechongwa maandishi ya No. 5 Mk I ubavuni kushoto mwa bodi, pamoja na mwaka kati ya 1944 na 1947. Ilitoka viwanda viwili tu vya Uingereza, Fazakerley na BSA ya Shirley. Fungua mbao za juu: pale mtutu unaponenepa utakuta umechongwa mabonde. Ya kughushi hapo ni duara kamili, kwa sababu aliyekata alishughulikia mdomo tu, akaacha unene wa chemba kama ulivyo. Koni ya kweli imeshikiliwa kwa pini mbili zilizopigwa kupita. Ya kughushi mara nyingi ina skrubu ndogo. Kirungu cha boliti kiwe na shimo, ingawa hicho hubadilishika kwa dakika moja, kwa hiyo usikitegemee.

Kilengeo cha nyuma kikiwa juu ya mtutu, mbele ya chemba, hiyo si No. 4 wala No. 5, ni ile ya zamani ya 1907 iliyofupishwa. Na ukikuta bodi ina maandishi ya U.S. PROPERTY ya kiwanda cha Savage, au jina la Long Branch la Kanada, usiendelee kupima: viwanda hivyo vilitengeneza No. 4, havikutengeneza No. 5 hata moja.